Siangalii Chumba, Naangalia Kitasa

Mume wangu ni fundi wa vitasa. Mlango ukigoma, kufuli likimeza ufunguo, mtoto akijifungia chooni, anaitwa yeye. Ana mikono mizito kama ya mwashi, lakini akishaingiza kile kichuma chake chembamba kwenye tundu la ufunguo utadhani anamsafisha mtoto mchanga sikio. Nimekaa naye miaka ishirini na sita, na mpaka leo nikimwona anafungua mlango nasahau kwa dakika mbili kwamba nimeolewa na mtu mbishi.

Ubishi wake mkubwa ni huu: hagusi mlango bila karatasi. Kazi ya vitasa ina majungu. Fundi anayefungua kila mlango anaoonyeshwa, haichukui muda ataitwa mwizi, au msaidizi wa mwizi. Kwa hiyo mafundi wa hapa kwetu waliwekeana utaratibu zamani: mwenye nyumba akitaka kitasa kibadilishwe, aje na karatasi inayoeleza sababu, na fundi asaini chini kama shahidi. Wengine husaini wakikumbuka. Mume wangu atakurudisha kwako ukaifuate hata kama mvua inanyesha. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipopoteza ufunguo wa kabati lake mwenyewe, mwanawe alimwambia alete karatasi. Aliandika, akasaini, kisha akamchapa nayo usoni.

Kwa sifa hiyo, walipomwita kwenye Bodi ya Makazi sikushangaa. Bodi hiyo ina kazi moja, nayo imeandikwa ukutani ofisini kwao kwa herufi kubwa: hakuna mtu wa mtaa huu atakayelala nje. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya watu wa ofisini watupu, wakajadiliana mpaka chai ikapoa. Mwaka huu mwenyekiti wake, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, akasema anataka watu wanaojulikana na watu. Akamchukua mwalimu mkuu, akamchukua mama anayewaongoza wachuuzi wa sokoni, akamchukua mwakilishi wa wenye nyumba, na kutoka chama cha mafundi akamchukua mume wangu. Bodi ilikuwa imepata nyumba ndefu ya vyumba sita, imekarabatiwa, na kazi ya kwanza ilikuwa kuamua nani aingie.

Basi mume wangu akavimba kichwa. Alinunua kalamu mpya na kuichomeka mfukoni hata siku ya kwenda kuoga kisimani kwa jirani, maji yalipokatika. Alianza kukohoa kabla ya kusema jambo. Nikimuuliza kama anataka chai, anasema suala hilo atalitafakari kwanza. Nilimcheka, lakini moyoni nilifurahi. Nani asiyependa mumewe aitwe mtu?

Siku moja kabla ya kikao chake cha kwanza nilipeleka shati lake kwa Dobi. Huyu ni mwanamke aliyenizidi kama miaka kumi, ana pasi ya mkaa na mkono ambao haujawahi kuchoma nguo ya mtu. Zamani alifanyia kazi chumbani kwake, alikopanga na mama yake mzazi. Sasa mwezi wa tatu anapiga pasi juu ya meza ya kuazima, kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, na mashine ikizimwa analala hapo hapo. Mtaa mzima tunajua. Tunampelekea nguo, tunampa pole, tunakwenda zetu.

"Mdogo wangu," aliniambia huku akipuliza mkaa, "shemeji si ndiyo ameingia bodi?"

"Ameingia. Siku hizi hata usingizi anaufungua kwa ajenda."

Akacheka kidogo. "Basi mwambie aniulizie jina langu. Fomu nimejaza, nimengoja, sijaitwa. Mama nimempeleka kwa kaka, na kaka amesema mwisho wake ni mwezi huu ukiisha. Mke wake amechoka, simlaumu. Mama haoni tena. Alikuwa anapapasa ukuta wa chumba chetu mpaka mlangoni, anajua kila ufa. Kwa kaka kuta hazijui, anaanguka."

Nilimwambia shemeji yake atauliza, na mambo yatakuwa mazuri. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kumletea mwenzake chumvi.

Kesho yake mume wangu alirudi kutoka kikaoni saa tisa alasiri, akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu. Nikamwekea chakula, hakukigusa. Mume wangu kukataa chakula ni habari. Hata msibani hula akaongezwa.

"Umemuulizia Dobi?" nikamuuliza.

"Nimemuulizia."

"Wakasemaje?"

"Jina lake limekatwa."

Akanieleza. Bodi ina kanuni: chumba ni kwa mtu aliyefukuzwa, au aliyebomolewa, au aliyeunguliwa na nyumba. Aliyehama kwa hiari yake haingii kwenye orodha, maana alikuwa na pake akapaacha. Katibu, binti mmoja wa miwani asiyepoteza karatasi hata moja, alilitoa faili la Dobi akalisambaza mezani watu waone. Ndani kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, kutoka kwa mwenye nyumba wake. Inasema: mpangaji amehama kwa hiari yake, na chumba kimekutwa kitupu.

"Uongo mtupu," nikasema. "Dobi alifungiwa nje. Si ungewaambia?"

"Najua alifungiwa nje."

"Umejuaje?"

Akaangalia viatu vyake. "Kitasa nilibadilisha mimi. Saini iliyo chini ya ile karatasi ni yangu."

Sikuwa najua. Miezi mitatu nampelekea Dobi nguo zetu, na sikuwa najua. Akanisimulia kwa sauti ndogo. Mwenye nyumba wa Dobi ndiye yule mwakilishi wa wenye nyumba aliyeko bodi, tunamwita Mageti, kwa kuwa kila nyumba yake ameiwekea geti la kijani. Alimwita mume wangu asubuhi moja, Dobi akiwa amempeleka mama yake zahanati. Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ilikuwepo. Mume wangu akafungua, akatoa kitasa cha zamani, akaweka kipya, akasaini, akaondoka.

"Ulisoma ulichosaini?"

"Karatasi ni ile ile siku zote. Mageti aliichapisha, wenye nyumba wote wanaitumia."

"Na chumba kilikuwa kitupu?"

"Mama watoto, mimi siangalii chumba. Naangalia kitasa."

Neno hilo nimelisikia kwake mara nyingi. Nilikuwa nikilipenda. Nilidhani ni adabu ya kazi, kwamba fundi wangu si mtu wa kuchungulia vya watu. Siku hiyo lilinichukiza.

"Hukuona kitu chochote?"

Alianza kufungua kamba za kiatu. "Kulikuwa na beseni," akasema. "Pale pale nyuma ya mlango. Nguo zimelowekwa. Povu lilikuwa halijatulia."

Hasira iliyonipanda sijui niieleze vipi. Mtu anayehama kwa hiari yake haachi nguo za wateja kwenye sabuni. Na huyu mume wangu, anayejua kufuli likigusa ulimi wake kwa unene wa unywele, aliliona beseni, akaliruka, akasaini. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Hakunijibu hata moja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mume wangu hubishana hata na redio.

Tulipotulia akasema, "Kesho nitakwenda kwa Mkunga, nyumbani kwake, nimweleze la Dobi. Ni mtu wa kuelewa, atalirekebisha. Vyumba vitano vimepata watu, cha sita bado. Dobi ana mama mzee asiyeona, atapewa yeye."

Hapo ndipo nilipotia neno langu. Nikamuuliza, "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Dobi ndiye wa kwanza kusainiwa? Katika majina yaliyokatwa, wangapi wana saini yako?"

"Unataka nivuliwe nguo mbele ya watu?"

"Mficha maradhi kifo kitamuumbua."

"Na anayeyatangaza hufa vilevile."

"Nataka useme yote," nikamwambia. "Ukisema la Dobi peke yake umemfanyia hisani. Ukisema yote umesema kweli."

Nakiri nilijipenda kwa sentensi ile. Nilisuka nywele za wateja wawili kesho yake huku naisikia masikioni. Mume wangu naye hakwenda kwa Mkunga. Alikaa barazani na vitasa vyake, anafungua kimoja anakifunga, anafungua anakifunga, mpaka jirani akauliza kama fundi anaumwa.

Kikao cha pili kilikuwa cha wazi, kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulikunjana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Niliketi nyuma. Mkunga alifungua, Katibu akasoma ajenda, na kabla hajaimaliza mume wangu akavuta pumzi ndefu, akasimama. Hakukohoa.

"Nina neno juu ya majina yaliyokatwa," akasema. "Karatasi zinazosema wapangaji wamehama kwa hiari, zile zenye saini yangu, msizitegemee. Nilisaini kwamba vyumba vilikuwa vitupu. Sikuviangalia. Na kimoja nilikiangalia, na hakikuwa kitupu, nikasaini."

Mageti alikuwa meza ya mbele. Hakupandisha sauti. "Fundi, pima maneno yako. Zile karatasi ni za kisheria."

"Ni za kisheria," mume wangu akasema. "Ila chumbani kulikuwa na beseni la nguo."

Mkunga akavua miwani, akamgeukia Katibu. "Ziko ngapi zenye saini yake?"

Katibu akaanza kufunua. Darasa zima tulisikiliza karatasi zikigeuzwa, moja baada ya nyingine, na mume wangu amesimama mikono imemning'inia. Majina yaliyokatwa yalikuwa arobaini na moja.

"Ishirini na saba," akasema Katibu.

Kuna mtu aliguna. Mama mmoja dirishani alianza kulia taratibu, na mume wangu akamwangalia, kisha akatazama chini.

"Niondoeni," akasema. "Sistahili kukaa hapa."

"Huondoki," Mkunga akamjibu. "Kuondoka ni rahisi. Hao ishirini na saba wataitwa wote, mmoja mmoja, waeleze. Na wewe utakaa kwenye kiti hicho uwasikilize."

Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kina mama waliokuwa karibu nami walinigusa bega. Mmoja akasema, mume kama huyu ana mke nyuma yake. Nilitoka darasani pale nimenyooka kama mlingoti wa bendera.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Wenye nyumba walihamia kwa fundi mwingine, kijana wa upande wa pili wa barabara, anayesaini kabla hata ya kushuka kwenye baiskeli. Mageti aliacha kuja vikaoni. Mume wangu alikwenda kila alasiri kuwasikiliza watu wake, na kila alasiri alirudi na mmoja.

"Leo alikuja mchukuzi wa sokoni," aliniambia siku moja. "Yule anayelala chini ya vibanda na watoto wake watatu. Mwaka wa nne huu. Kitasa chake nakikumbuka, kilikuwa cha shaba, kiliniumiza kidole hiki."

"Na yeye mwenyewe, unamkumbuka?"

"Yeye sikumwona siku ile. Nimemwona leo."

Alikuwa anakonda. Nilimpikia alivyovipenda, akavila kwa kunisaidia. Usidhani nilijuta. Nilikuwa nasikitika, ndiyo, lakini nilijiambia kidonda kikikamuliwa lazima kiume.

Kisha orodha mpya ikatoka. Waliosikilizwa karibu wote walirudishiwa haki yao ya kuhesabiwa, na hapo kanuni ikafanya kazi yake: wenye watoto wadogo, wagonjwa na wazee watangulie, na wakilingana, atangulie aliyekaa nje muda mrefu zaidi. Watano wa kwanza walibaki. Cha sita alipewa mchukuzi. Dobi, mwenye miezi mitatu tu nje, akawa wa kumi na nne. Vyumba vingine bodi inaviomba, pengine mwakani. Katibu alimwambia mume wangu, bila kuulizwa na kwa nia njema kabisa, kwamba kama ingerekebishwa ile karatasi ya Dobi peke yake, chumba cha sita kilikuwa cha Dobi.

Mwezi ulikuwa umebakiwa na siku mbili. Mume wangu akasema atakwenda kumwambia mwenyewe, asije akasoma ubaoni. Nikasema twende wote.

Tulimkuta anapiga pasi shuka, mashine inanguruma nyuma yake, unga umemkaa kwenye nyusi. Mume wangu alimwambia kila kitu akiwa amesimama: kitasa, karatasi, kikao, orodha, namba kumi na nne. Dobi aliiweka pasi pembeni kwanza, isije ikaunguza nguo ya mtu.

"Kumbe ulikuwa wewe," akasema. "Siku ile niliuzungusha ufunguo mpaka vidole vikavimba. Nilidhani ni mimi, nimesahau namna ya kufungua. Mama anauliza nyuma yangu, mbona hatuingii? Na zile nguo zilikuwa za mwalimu mmoja. Mpaka leo hanisalimii."

"Nisamehe, shemeji."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikunja shuka mara mbili. "Ungesema la kwangu tu, ningepata?"

"Ungepata."

"Sasa nani alikushauri useme yote?"

Mume wangu hakunitazama. "Niliamua mwenyewe," akasema. Mtu huyu asiyegusa mlango bila karatasi, alidanganya mchana kweupe kwa ajili yangu, na mimi nilikaa kimya nikamwacha.

"Kapata nani?" Dobi akauliza.

"Mchukuzi. Yule wa watoto watatu."

"Yule anastahili," akasema. "Kile kitoto chake kidogo kinakohoa kama mtu mzima." Akachukua koleo, akachochea mkaa. "Basi. Keshokutwa nakwenda kumchukua mama. Nitamtandikia hapa nyuma ya mashine, upepo haufiki sana. Nitafunga kamba kutoka hapa mpaka kule chooni, awe anaishika."

Alituonyesha kamba ingepita wapi. Kutoka nguzo ya kibaraza, ikavuka mtaro, mpaka kwenye msumari uliopo tayari ukutani.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Binti yetu ameolewa, kaka yake yuko mbali kikazi, na chumba chao kina kitanda kizima, magunia matupu na cherehani iliyokufa. Nilikiona chumba kile nikiwa nimesimama palepale. Nikamwona pia mwanamke mzee anapapasa kuta zangu, usiku anaita apelekwe chooni, na Dobi na meza yake na moshi wa mkaa barazani pangu, wateja wake wanachanganyikana na wangu, na hakuna mtu anayeweza kuniambia ni mpaka lini.

Mume wangu akavuta pumzi ndefu, kama aliyovuta kule darasani kabla ya kusimama. "Shemeji," akaanza.

"Haya dada, tutakuja kukuona keshokutwa," nikamkatiza, nikamshika mkono, tukaondoka.

Njiani hakuniuliza kwa nini. Nilijua alichotaka kusema, ndiyo maana niliwahi.